Jina la Sinistre: Kuhesabu Nyumba Zilizoharibiwa na Nyiragongo mjini Goma, 1977–2021

Habari za mlima Nyiragongo zimeandikwa kwa wingi na wataalamu wa volkeno. Wamepima urefu wa nyufa, joto la lava na mwendo wake, na kazi yao yastahili heshima. Makala hii yashughulikia jambo jingine ambalo wanahistoria wetu wamelipita haraka, nalo ni orodha. Baada ya moto kupoa hufika mtu mwenye daftari na kalamu, akauliza jina la mwenye nyumba, idadi ya watu waliolala humo, na vitu vilivyopotea. Karatasi yake hupelekwa kwa shefu wa kartiye, kisha komini, kisha kwa wakubwa wa jimbo, pamoja na ombi la msaada. Katika karatasi hiyo hutoka sehemu kubwa ya hesabu tunazozisoma vitabuni. Katika karatasi hiyo hiyo hutoka pia mabati, mbao na unga, ama havitoki.

Tutaangalia milipuko mitatu: ule wa tarehe 10 Januari 1977, ule wa tarehe 17 Januari 2002, na ule wa tarehe 22 Mei 2021. Hatutaigawia nafasi sawa. Ule wa 2002 ndio uliopita katikati ya mji, nao ulilikaza katika Kiswahili cha Goma neno moja la Kifaransa. Neno hilo ni sinistre. Watu husema musinistre na basinistre. Sisi hapa tutaandika msinistre na wasinistre, ili tusiliondoe katika mdomo wa wenyewe wala tusivunje kawaida ya uandishi sanifu. Dai letu ni kwamba neno hili lilifika Goma bila sheria iliyolipa nguvu huko lilikotoka, na kwamba upungufu huo waeleza mambo mengi ambayo kwa kawaida husukumwa juu ya udanganyifu wa mashefu peke yake.

Neno na sheria yake

Asili ya neno ni Kilatini, ambamo sinister ni kushoto, upande wa ndege mbaya. Kifaransa kikalichukua kwa maana ya msiba unaoharibu mali. Katika lugha ya bima sinistre ni tukio linalomlazimu mwenye kampuni kulipa: nyumba ikiungua, sinistre imetokea, na mteja ana haki ya kudai. Basi tangu mapema neno lilikuwa na pande mbili, hasara na deni.

Upande wa deni ulipata nguvu kubwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaskazini na mashariki mwa Ufaransa vijiji vizima vilikuwa vimesagwa na mizinga. Tarehe 17 Aprili 1919 likatoka tangazo la sheria ambayo watu waliiita hati ya wasinistre. Sheria hiyo haikusema kwamba serikali itawahurumia walioharibiwa. Ilisema kwamba wana haki ya kulipwa hasara iliyo ya hakika, ya mali, na iliyotokana na vita moja kwa moja. Kamisheni ziliwekwa katika kila kantoni ili kusikiliza madai na kukadiria thamani. Asiyeridhika aliweza kupeleka shauri lake mbele ya mahakama maalumu. Thamani ilihesabiwa kwa bei za kabla ya vita, na aliyekubali kujenga upya aliongezewa tofauti ya gharama. Vyombo vya ndani navyo vilihesabiwa, si kuta na paa tu, na kwa njia hiyo hata mtu asiye na nyumba yake mwenyewe alikuwa na kitu cha kudai. Ubelgiji nayo ilikuwa na mahakama zake za hasara za vita. Haisemwi hapa kwamba kazi hiyo ilienda bila lawama, maana ilichukua miaka mingi na udanganyifu haukukosekana. Linalotuhusu ni kwamba mtu aliyeitwa sinistré alikuwa na cheo mbele ya sheria. Alijua aende wapi, apeleke nini, na akikataliwa amwendee nani.

Tulinganishe na maneno ya Kiswahili. Upande wa Tanzania magazeti na serikali husema wahanga, au waathirika. Mhanga kwa asili ni yule anayetolewa sadaka, ndiyo maana twasema kujitoa mhanga. Mwathirika ni aliyepatwa na athari. Maneno yote mawili yaeleza lililompata mtu. Hakuna linalosema anadai nini, wala kwa nani. Mtu wa Goma anaposimama mbele ya ofisi na kusema mimi ni msinistre, hasemi tu kwamba ameungukiwa. Anasema jina langu lazima liwemo. Kwa hiyo hatuoni kwamba waliochagua neno la kigeni walifanya hivyo kwa uvivu wa lugha. Walichagua neno lenye dai ndani yake. Bahati mbaya, kamisheni zenye hakimu, bei za marejeo na mahali pa kukata rufaa havikuwako siku lava ilipopoa katika avenyu zao.

Mlipuko wa 1977

Juu ya mwaka 1977 tutasema machache. Ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, kupitia nyufa za mbavuni mwa mlima. Lava ilikuwa nyepesi kupita kawaida, na mwendo wake ulikuwa wa kasi ambayo mtu anayekimbia kwa miguu hawezi kuishinda. Ilifunika mashamba na vijiji, ikasimama kabla ya kuufikia mji wenyewe. Idadi ya waliokufa imetajwa kwa namna zinazotofautiana mno: wengine husema 70 hivi, wengine mamia kadhaa. Tofauti ya namna hiyo si ya kushangaza. Waliokufa walikuwa watu wa vijijini, na kijiji kilichofunikwa na lava hakina maiti za kuhesabu wala jirani wa kutoa ushahidi. Hapo orodha ilihitaji kuanza na daftari lililokuwako kabla ya msiba. Hilo ni somo la kazi ambalo halikufuatwa, kama tutakavyoona.

Mlipuko wa 2002

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima na kushuka hadi karibu na mji. Mchana lava iliingia Goma, ikapita katikati ya mji wa biashara, ikafika katika Ziwa Kivu. Sehemu ya uwanja wa ndege, kadiri ya theluthi moja ya njia ya kurukia, ilifunikwa. Kanisa kuu la Wakatoliki liliteketea. Watu wapatao laki tatu au nne walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Siku chache baadaye, katika kituo kimoja cha mafuta kilichozungukwa na lava yenye moto bado, mlipuko uliua makumi ya watu waliokuwa wakichota.

Hesabu inayorudiwa zaidi vitabuni yasema kwamba majengo 4,500 yaliharibiwa na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Msomaji achukue kalamu agawanye. Atapata karibu watu 27 kwa kila jengo. Goma ya wakati huo haikuwa mji wa maghorofa. Ilikuwa mji wa nyumba za mbao na mabati, na za mawe meusi ya volkeno kwa wenye uwezo. Haiwezekani kwamba watu 27 walilala katika kila nyumba ya mbao. Basi hesabu hizi mbili hazipimi kitu kimoja. Nionavyo, ya kwanza yakaribia kuwa hesabu ya viwanja, au ya majengo yaliyoonekana makubwa, na ya pili ni hesabu ya watu waliokadiriwa kwa mtaa. Zote mbili zaweza kuwa za kweli kwa namna yake, lakini haziwezi kutumiwa kumpa mtu bati hata moja.

Katika Goma kiwanja kimoja, ambacho wengi wakiita parseli, mara nyingi huwa na nyumba ya mwenyewe upande wa barabara, na nyuma yake vyumba viwili, vitatu au vitano vya kupangisha. Humo hukaa mwalimu, mjane mwenye watoto, vijana wawili wachuuzi, na familia iliyokimbia vita vya Masisi. Lava ikipita, jicho laona kiwanja kimoja kilichofunikwa. Jamaa zilizopoteza makao ni tano.

Neno lenyewe la nyumba lasaidia kuficha jambo hili. Kiswahili sanifu kina neno kaya kwa watu wanaopika chungu kimoja, lakini Kongo neno hilo halikuenea. Watu husema jamaa, famili, au nyumba tu. Na nyumba ni jengo, ni watu waliomo, na kwa mwenye wake wawili ni mke na watoto wake, ndiyo maana akaitwa mwenye nyumba mbili. Mwandishi wa orodha akiuliza, Humu mlikuwa nyumba ngapi?, majibu matatu ni sahihi. Mjanja atachagua lile linalomfaa. Asiye mjanja atajibu kwa jengo, na hapo hapo majina ya wapangaji wake yatapotea.

Mpangaji ndiye aliyepotea kuliko wote. Baada ya mlipuko mashirika ya misaada yaligawa vifaa vya kujengea, mbao, mabati na maturubai, ili watu wajisitiri. Vifaa hivyo vilihitaji mahali pa kusimamishwa, na mwenye mahali ni mwenye kiwanja. Mpangaji angeweza kupata blanketi na sufuria, lakini nyumba hapana. Alikuwa amepoteza kitanda, cherehani, mtaji wa soko, na kodi aliyokwisha kulipa mbele; hakuna mstari wa karatasi ulioandikwa kodi. Katika sheria ile ya 1919 tumeona vyombo vya ndani vilikuwa na nafasi yake. Sisi tulirithi jina bila kurithi mstari huo.

Hata mwenye kiwanja alikuwa na mashaka yake. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi yote ni mali ya serikali, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na hati ya usajili. Ni wachache waliokuwa na hati hiyo. Wengi walikuwa na karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na shefu wa kartiye, au neno la mdomo lililotolewa mbele ya mashahidi na watu wa machifu wa Bukumu. Karatasi iliungua pamoja na sanduku. Kisha kiwanja chenyewe kikawa chini ya lava yenye kimo cha mita moja, pengine mbili. Mipaka, mti, shimo la choo, jiwe la pembeni, vyote vimezikwa. Kiwanja kilichopotea kwa namna hii ilibidi kidaiwe kwa kumbukumbu: kutoka ukuta wa jirani ulionusurika, hatua kadhaa kuelekea ziwani. Jirani akawa hati. Watu wakajenga upya juu ya lava iliyopoa, wakivunja mawe yake kuwa kuta, na mji ukapanda kwa kimo cha mtu.

Jambo la pili lililovuruga hesabu ni mwendo wa watu wenyewe. Kule Rwanda kambi zilitengwa kuwapokea. Wengi sana hawakukaa. Baada ya siku mbili tatu walirudi, wakikanyaga mawe ambayo bado yalitoa moshi. Wageni walistaajabu, ila aliyekaa Goma mwaka 1994 hakustaajabu. Mwaka ule mji ulipokea wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikawaua watu kwa makumi ya maelfu katika wiki chache. Watu wa Goma walikuwa wamekwisha kuona kambi ni nini. Basi mwaka 2002 walikwenda kwa ndugu: shemeji wa upande usioguswa, rafiki wa kanisa, mtoto wa kaka. Hapo orodha ilipata taabu, kwa kuwa orodha hupenda watu waliokaa pamoja. Anayelala chini ya turubai huonekana. Anayelala sebuleni kwa shemeji haonekani, na shemeji aliyemlisha haonekani kabisa.

Tena mwaka 1994 na miaka miwili iliyofuata Goma ilijifunza nguvu ya orodha. Katika kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga chakula kilipita kwanza mikononi mwa viongozi wa wakimbizi, nao walizidisha idadi ya watu wao. Ziada ikawa biashara na silaha. Mji mzima uliona. Jetoni, yaani kile kikaratasi au kisahani kinachompa mtu zamu ya kupokea, ikawa kitu cha kununuliwa na kuuzwa. Kwa hiyo wakati mwandishi wa orodha alipopita mwaka 2002, pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kuelimika. Mwandishi alikuja na shaka. Mwandikwa alikuja na hesabu yake kichwani. Kusema kwamba watu walidanganya ni kusema nusu. Aliyepoteza mtaji wa dola mia tatu na kukuta karatasi haina mahali pa mtaji, akaongeza watoto wawili ili fidia ilingane na hasara, huyo alidanganya juu ya watoto, ila juu ya hasara alisema kweli.

Kwa serikali ipi?

Swali zito kuliko yote latungoja bado. Orodha ya hasara ni barua, na kila barua ina anayepelekewa. Mwezi wa Januari 2002 Goma haikuwa chini ya Kinshasa. Tangu Agosti 1998 mji ulikuwa mikononi mwa RCD, chama cha waasi kilichoungwa mkono na Rwanda, nacho kilikuwa na gavana wake, ushuru wake na mihuri yake. Shefu wa avenyu na mkuu wa nyumba kumi waliandika majina kwa idhini ya utawala huo. Serikali iliyotambuliwa na mataifa ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, ng'ambo ya mstari wa vita. Waliokuwa na mabati hawakuwa hii wala ile; walikuwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, makanisa, na mashirika ya kigeni.

Tokeo lake ni kwamba ombi lilifuata njia mbili. Kwa mtindo lilikuwa ombi kwa serikali: Mheshimiwa, sisi wasinistre wa kartiye fulani, kwa heshima kubwa tunakuja mbele yako. Kwa kweli lilisomwa na mfanyakazi wa shirika, ambaye hakutafuta haki ya mtu bali udhaifu wake: mjane, mzee, mwenye watoto wengi wadogo. Kipimo cha shirika si kibaya. Mwenye mkate mmoja hana budi kumpa mwenye njaa zaidi. Lakini hicho si kipimo cha hasara. Mwalimu mwenye mke na mtoto mmoja, aliyejenga kwa miaka kumi nyumba ya mawe, alipoteza zaidi ya wote katika avenyu yake, naye akawa wa mwisho katika orodha. Akiuliza sababu, hakuna wa kumjibu, kwa kuwa aliyemwandika si aliyemkataa.

Hapo twaona neno likibadilika maana. Msinistre wa 1919 alikuwa mdai. Msinistre wa 2002 akawa mpokeaji. Hatuwezi kusema mashirika yalikusudia hivyo. Bila wao watu wengi wangekufa kwa kiu na kipindupindu. Pasipo mdaiwa, mdai hana pa kusimama. Serikali ya mpito ilipoundwa Kinshasa mwaka 2003 na nchi ikaanza kuunganishwa, orodha za mwaka uliotangulia hazikuwa deni lake. Ziliandikwa chini ya mihuri ya wengine.

Yafaa tutazame jirani, tusije tukadhani kwamba serikali iliyo imara humaliza tatizo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la nguvu ya 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera nchini Tanzania, magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika mji wa Bukoba na vijiji vyake. Watu zaidi ya 15 walikufa na nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka. Huko mdaiwa alijulikana: serikali moja, mkuu wa mkoa mmoja, kamati ya maafa yenye jina, na tathmini iliyofanywa nyumba kwa nyumba, ikitenganisha zilizoanguka na zilizopata nyufa. Michango ikakusanywa nchi nzima. Katika wiki hizo hizo wakubwa wawili wa serikali za huko walifukuzwa kazi kwa tuhuma juu ya akaunti ya michango hiyo. Na mwezi wa Januari 2017 Rais Magufuli alipofika Kagera aliwaambia wananchi waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Itatengeneza mali ya umma, shule na barabara. Watu waliohesabiwa nyufa za kuta zao walikuwa wamefahamu neno tathmini kuwa mwanzo wa malipo. Kumbe tathmini ni kujua thamani tu, na anayejua thamani hakuahidi kulipa. Hata hivyo watu wa Bukoba walipata kitu ambacho wenzao wa Goma hawakukipata mwaka 2002: walijibiwa. Jibu lilikuwa hapana, lakini lilitoka katika kinywa cha yule aliyeombwa, na waliweza kumlaumu kwa jina.

Mlipuko wa 2021

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena. Mara hii lava ilisimama ukingoni mwa mji, upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Iliyoharibiwa zaidi ni vijiji na mitaa mipya ya wilaya ya Nyiragongo. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hesabu za siku za kwanza zilitaja mamia ya nyumba, na za wiki zilizofuata zikataja maelfu. Bomba na tangi la maji viliharibiwa, na sehemu kubwa ya mji ikakosa maji.

Serikali safari hii ilikuwapo, tena kwa nguvu zote, kwa kuwa hali ya kuzingirwa ilikuwa imeanza kutumika jimboni tangu tarehe 6 Mei na gavana alikuwa mwanajeshi. Tarehe 27 Mei, kwa kuhofia mlipuko wa pili chini ya mji au ziwa, gavana aliamuru kartiye 10 kati ya 18 za Goma zihame. Watu laki kadhaa wakatoka kwa saa chache, kwenda Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Amri ile pengine ilikuwa ya busara. Kwa orodha ilikuwa balaa. Sasa palikuwa na makundi mawili: wale ambao nyumba zao ziliungua usiku wa tarehe 22, na wale ambao nyumba zao zilikuwa nzima lakini wameamriwa kuziacha. Wote walilala barabarani Sake, wote walihitaji maji na unga, wote wakaandikwa. Mwezi wa Juni, ruhusa ya kurudi ilipotolewa, kundi kubwa likarudi nyumbani, na lile dogo halikuwa na pa kurudi. Katika madaftari majina yao yalikuwa yamechanganyika. Kuyatenga kulihitaji kurudi kwa shefu yule yule wa kartiye na kumwuliza nani alikuwa na nyumba hapa. Yaani tulirudi kwenye kumbukumbu ya jirani, kama 2002.

Hapa ndipo somo la 1977 lingefaa. Mji unaokaa chini ya volkeno hai, ambao umeunguzwa mara mbili katika miaka ishirini, wahitaji daftari la avenyu linaloandikwa kabla ya moto: nani mwenye kiwanja, nani mpangaji, vyumba vingapi, kuta za nini. Shefu wa avenyu na mkuu wa nyumba kumi wako, na wanawajua watu wao kwa majina. Daftari lingeweza kuwekwa nakala mbili, moja mjini, moja mbali na mlima. Gharama yake ni karatasi na mishahara midogo. Twafahamu pingamizi: katika nchi ya vita daftari la majina ya kila nyumba ni chombo cha hatari, na mwenye bunduki atalitafuta kabla ya mwenye mabati. Pingamizi hilo ni la haki, na watu waliokwisha kuorodheshwa kwa makabila yao hawalichukulii kama mzaha.

Waliopoteza nyumba mwaka 2021 waliwekwa kwa sehemu upande wa Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, chini ya maturubai na katika vibanda vya muda. Kuanzia mwaka 2022 barabara ile ile ilileta wakimbizi wa Rutshuru waliokimbia vita vya M23, kwa makumi ya maelfu, wakapanga vibanda vyao kando ya vile vya wasinistre. Mwandishi wa orodha aliyefika hapo alikuta majina mawili mahali pamoja, wahamaji wa vita na wasinistre wa mlima, na misaada iligawanywa kwa jina. Mwezi wa Januari 2025 M23 iliuteka mji wenyewe. Karatasi zilizoandikwa mwaka 2021 kwa muhuri wa gavana wa Kinshasa zikajikuta mahali pale pale zilipokuwa orodha za RCD baada ya mwaka 2003: dai lililoandikwa vizuri, na aliyeandikiwa hayupo ofisini.

Wanafunzi wa historia watakaotaka kuendelea na kazi hii waanze na vitu vidogo. Wamwombe shefu wa avenyu awaonyeshe daftari lake, waulize katika maparokia yaliyotoa hifadhi mwaka 2002, wazitazame jetoni ambazo wamama wamezihifadhi ndani ya Biblia na chini ya magodoro. Wanakili vichwa vya safu kabla ya kunakili majina, maana safu ndizo zinazoonyesha kilichohesabika kuwa hasara na kisichohesabika. Na wamtafute mpangaji. Yeye hatakuwa katika safu yoyote, na itabidi aulizwe mwenyewe alikuwa akilipa kodi kiasi gani mwezi ule, na kwa nani.